Mume Mwenza Ndani ya Friji

Basi la Babati lilikuwa limeshaanza kusogea, na Sikitu bado alikuwa anatoa maagizo dirishani.

"Maziwa ya yule mbuzi mweupe, Mwidini. Ya kwanza kabisa, povu likiwa bado juu. Usimpe ya ng'ombe wa jirani, yanamchafua."

"Nimesikia."

"Na kitambaa chake ni kile cha bluu. Usije ukamfutia cha vyombo."

"Nimesikia, mama. Kaa ndani, watu wanatutazama."

Walikuwa wanatazama kweli. Stendi nzima ya Kondoa ilikuwa inamtazama mwanaume anayetembea kando ya gurudumu la basi huku akipokea maagizo ya kumlea mume wa kwanza wa mkewe. Mwasiti, binti yake wa miaka tisa, alikuwa amekaa kando yake ndani ya basi, amepakata kikasha cha baridi chenye chupa mbili, yake na ya mama yake. Akapunga mkono. Sikitu akatoa kichwa tena.

"Na umsalimie asubuhi. Amezoea."

Basi likakata kona ya soko, likaenda zake. Sikitu alikuwa anakwenda kumwuguza dada yake aliyejifungua, na angekaa huko mpaka arobaini ya mtoto. Katika maagizo yote aliyoyaacha hapakuwa na moja lililomhusu Mwidini: ale nini, alale vipi, asikose koti kule kilimani kwenye baridi. Yote yalikuwa ya Suwedi, na Suwedi alikuwa amekufa miaka minne iliyopita.

Chande alikuwa ameegemea pikipiki yake akimsubiri. Hao wawili walifanya kazi pamoja juu ya mlima, kutandaza na kushona nyavu za kuvuna umande.

"Mume mwenza wako analelewa, ndugu yangu," Chande akasema. "Mimi sijawahi kufutwa na kitambaa cha bluu tangu nizaliwe."

"Washa pikipiki twende."

"Angekuwa hai mngepigana siku moja mkamaliza. Sasa huyu wa kwenye friji utamkamata wapi shati?"

Mwidini akapanda nyuma.

*

Kesho yake asubuhi alifungua friji akiwa na kikombe cha maziwa mkononi.

Ilikuwa friji ndogo, kimo cha kifua cha mtu, kama zilivyokuwa friji zote tangu umeme wa upepo uanze kutolewa kwa mgawo. Haikuwa na rafu. Rafu huzuia baridi kupita. Chupa zilining'inia darini: juu kulikuwa na sumaku, na kila chupa ilikuwa na kifuniko cha chuma kilichoshikwa na sumaku yake. Sumaku zenyewe zilikuwa zinazunguka taratibu, na chupa nazo zikizunguka chini yake, zikiyumba kidogo, kwa maana chachu ikiachwa kimya hutuama, na ikituama huanza kufa kutoka chini.

Chachu ndiyo maisha ya watu wa siku hizo. Dawa za kila homa na kila kikohozi, zilizonywewa na mababu mpaka na wajukuu, ziliua vile vidudu vyema vya tumboni vinavyosaga chakula. Watu wakawa wanakula wakashiba na bado wanakonda. Wazee waliiita njaa ya shibe. Ilizika wengi. Waliobaki wakafundishwa kutolewa chachu ya tumbo lao wakiwa wazima, kuilea ndani ya maziwa, na kuinywa funda moja kila alfajiri. Kila mtu na yake. Mtoto mchanga tu ndiye aliyeanzishiwa kwa chachu ya mzazi, mpaka tumbo lake lizae ya kwake.

Ili watu wasichanganye, waliotengeneza friji walikuwa wamekipa kila kifuniko mpangilio wake wa sumaku. Ukijaribu kuning'iniza chupa mahali pasipo pake, dari linaisukuma, inakudondokea mkononi. Ndani ya ile friji kulikuwa na nafasi nne. Kifuniko cheupe cha Sikitu. Cha njano cha Mwasiti. Cha kijani cha Suwedi, pale kwenye tundu lenyewe la baridi. Na cheusi cha Mwidini, karibu na mlango, panapopigwa na joto kila mlango ukifunguliwa. Nafasi ya mpangaji.

"Umeamkaje, mkubwa," Mwidini akaiambia chupa ya kijani. Akaona aibu, ingawa nyumba ilikuwa tupu.

Akaishusha. Ilikuwa nzito, nyeupe, imetulia vizuri, chupa ya mtu aliyetunzwa. Ya kwake ilikuwa nzima pia, lakini ilikuwa inalishwa mabaki. Maziwa ya kwanza kwa Suwedi, ya pili kwa mtoto, ya tatu kwa mama, na yatakayobaki kikombeni kwa Mwidini. Hakuna aliyeipanga zamu hiyo kwa ubaya. Ilikuwa hivyo kabla hajaja, akaikuta, akaingia mwisho wa foleni.

Na jina pia alilikuta limekaliwa. Sikitu aliitwa Mama Mwasiti mtaa mzima, lakini yeye hakuna aliyemwita Baba Mwasiti. Huyo alikuwa kwenye friji.

Desturi ilikuwa kwamba chupa ya marehemu humwagwa kaburini siku ya arobaini, kwa dua. Sikitu hakuimwaga kwa sababu mtoto alikuwa bado anainywa. Haki yake. Lakini mwaka jana Mwasiti alipata chupa yake, na Mwidini akasubiri kusikia habari ya kaburini, akasubiri Rajabu, akasubiri Shaabani, na mfungo ukaisha, na Suwedi bado anafutwa kwa kitambaa cha bluu.

Akaipeleka chupa mpaka kwenye sinki. Akakizungusha kifuniko kikatoka.

Chachu ikatoa mapovu madogo madogo, kama mtoto anayecheka usingizini. Ilikuwa hai. Masheikh na madaktari walikuwa bado wanabishana kama kuimwaga bila dua ni kumwaga maziwa au ni kumwaga mtu. Mwidini hakuwa sheikh. Alisimama pale mkono umeinama nusu, asiweze kuumalizia.

Ndipo akakitazama kifuniko alichokishika mkono wa pili, akaona kwamba shingo za chupa zote ni saizi moja.

Akashusha na ya kwake. Akafungua cheusi. Kijani akakifunga kwenye chachu yake mwenyewe, cheusi akakifunga kwenye ya Suwedi, akazirudisha. Dari likazipokea zote mbili bila neno. Sumaku zilijua vifuniko, hazikujua kilichomo. Waliozitengeneza walimfikiria mtu mjinga, hawakumfikiria mtu mwenye wivu.

Suwedi akawa mlangoni, kwenye joto, afe mwenyewe polepole bila mkono wa mtu. Na Mwidini akawa pale kwenye tundu la baridi. Sikitu akirudi, maziwa ya kwanza yatakuwa yake. Salamu za asubuhi zitakuwa zake. Hatajua, lakini zitakuwa zake. Kuhusu kunywa, alijiambia atakuwa anaiba funda lake kwenye kijani Sikitu akiwa zizini.

Jambo moja tu hakulifikiria, nalo lilikuwa linafanyika mbele ya macho yake kila siku. Katika nyumba zile, mke ndiye anayeshusha chupa alfajiri na kumkabidhi kila mtu ya kwake, na anasimama pale mpaka mtu ameze.

*

"Mbona unaitazama tu?" Sikitu akamwuliza, asubuhi ya kwanza baada ya kurudi. "Au kule kukaa peke yako umeacha kunywa?"

"Nimekunywa sana."

"Basi kunywa, mtoto anasubiri."

Alikuwa amemshikia chupa ya kifuniko cheusi. Mwidini akanywa. Ilikuwa na ukali wa ndimu na harufu ya mbali ya moshi. Alitaka kwenda nje akaiteme, lakini Sikitu alikuwa anamweleza jinsi mtoto wa dada yake alivyo na masikio makubwa, akabaki amesimama akimeza na kuitikia. Kesho yake ikawa vile vile. Na keshokutwa.

Mwanzoni alijifariji. Akinywa Suwedi, kwa upande mwingine alikuwa anasalimiwa. Sikitu alikuwa akiifuta chupa ya kijani, akiigeuza geuza kwenye mwanga, akisema, "Umeamkaje, Baba Mwasiti," kwa ile sauti ndogo. Mwidini alikuwa amekaa kwenye kigoda akijisemea moyoni: mimi huyo. Alifurahi kama mwizi anavyofurahi, kwa haraka na bila kukaa.

Halafu chai yenye sukari ikaanza kumkinai.

Yeye alikuwa mtu wa Lushoto, aliyelelewa kwa ndizi na wali. Mlenda alikuwa hawezi hata kuutazama. Sasa alikuwa anakula ugali wa uwele na mlenda, analamba kidole, anaomba tena. Mara ya kwanza Sikitu alimtazama tu. Mara ya pili akamwongeza bila kuombwa. Jasho lake likabadilika. Mwidini hakulinusa mwenyewe, lakini siku moja alimwona Sikitu, kabla ya kulitia shati lake kwenye beseni, ameliweka usoni na amelikalisha pale.

Sikitu akaanza kukaa karibu naye. Akaanza kumsubiri mlangoni jioni akitoka mlimani. Akacheka vichekesho vyake, hata vile vya zamani ambavyo havikuwahi kumchekesha. Akamshonea kola ya koti.

"Baba Mwasiti, nisogezee chumvi," akasema siku moja wakila.

Mwasiti akanyanyua macho. Sikitu mwenyewe akashtuka, akajifanya anatafuta mwiko. Mwidini akamsogezea chumvi.

Jina hilo alikuwa amelitamani tangu siku aliyoingia nyumba ile. Sasa amelipata, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwa maana aliyeitwa alimjua. Alikuwa ndani yake anakula mlenda. Kila akishikwa mkono, alikuwa anajiuliza umeshikwa mkono wa nani. Wivu aliokuwa nao kwa chupa ulikuwa na mahali pa kuutazama. Huu mpya ulikuwa hauna pa kutua, ulikuwa unalitazama tumbo lake mwenyewe.

"Umenawiri," Chande akamwambia mlimani, wakikaza kamba. "Mume mwenza kafa nini?"

"Bado."

"Basi atakuwa amehama chumba."

Chande alikuwa anatania tu. Mwidini akaachia kamba, wavu ukawaangukia wote wawili, wakalowa umande wote waliouvuna asubuhi ile.

Na kule kwenye friji, chupa ya kijani ilikuwa inasahaulika. Kwanza kitambaa cha bluu. Halafu salamu. Halafu maziwa ya kwanza yakaenda kwa mtoto, maana Sikitu alikuwa na haraka ya kumpikia mumewe uji. Mwidini akaichungulia siku moja, akaiona imepauka kama maji ya kuoshea mchele. Alikuwa amejipeleka mahali pa kupendwa, na upendo umehama. Aliyekuwa anakufa pale darini ni yeye.

"Nimefikiri," Sikitu akamwambia, wakiwa wanapura uwele uani. Hakuacha kupura. "Mwezi huu tumpeleke Suwedi kaburini. Nimemshikilia mno. Nilikuwa nimemtazama yeye mpaka nikawa sikuoni wewe."

Mwidini akaendelea kupura.

"Kama unavyoona," akasema.

Angenyamaza, angekuwa ameshinda. Kaburi lingepokea chupa, dua ingesomwa, na hakuna ambaye angejua nani kamwagwa. Alikwenda kwenye zizi la mbuzi akakaa juu ya jiwe, mikono katikati ya magoti, kama mtu aliyefukuzwa kazi.

*

Kabla mwezi haujaandama, Mwasiti alikanyaga waya wa nyavu uliokatika. Mguu ukavimba mpaka gotini. Hospitali wakampa dawa kali, zile zilizokuwa zinafungiwa kabatini na kutolewa kwa sahihi, na mguu ukapona. Lakini dawa zile hazichagui. Zilifyeka tumbo la mtoto likawa tupu. Akawa anakula na kukonda. Wakamnywesha chupa yake ya njano, haikushika. Midomo ikakauka, macho yakaingia ndani.

Mwidini alipewa habari akiwa mlimani. Chande akamteremsha kwa pikipiki bila kufunga breki sana. Alipoingia wodini alimkuta Dokta Mfinanga, mama wa Kipare mwenye sauti ya kukemea hata akibembeleza, amekwisha kuvaa glavu. Juu ya meza kulikuwa na kikasha cha baridi, na ndani yake chupa ya kijani. Sikitu alikuwa ameileta mwenyewe.

"Chachu ya mtoto bado changa," Dokta alikuwa anamweleza Sikitu. "Inataka ile iliyoizaa. Kwa kawaida ningekugombeza kwa kuiweka chupa ya marehemu miaka yote hii. Leo sikugombezi."

"Namshukuru Mungu sikuwahi kuimwaga," Sikitu akasema. Akamgeukia Mwidini, akamshika mkono. "Unaona? Nilitaka kuimwaga, na ulikubali. Angalia Mungu."

Dokta akakifungua kifuniko. Akanusa, akakunja uso.

"Imepauka."

"Hiyo imeharibika, Dokta," Mwidini akasema upesi. "Tuseme haifai. Tutafute njia nyingine."

"Imepauka lakini ni hai. Kwa baba na mwana inatosha." Akachukua bomba la sindano lisilo na sindano, akaanza kuvuta.

"Na kama mtoto wa hali hii akipewa ya mtu mwingine?"

"Mtu mwingine yupi?"

"Nauliza tu. Mtu baki."

"Tumbo lake litapigana nayo, na hana nguvu ya kupigana. Wapo wanaotoka. Wengi tunawazika. Kwa nini unaniuliza maswali nikiwa na bomba mkononi, Baba?"

Mwasiti alikuwa amefungua mdomo tayari, ametii, kama ndege. Sikitu alikuwa bado ameushika mkono wa Mwidini, ameushika kwa vidole vyote, jinsi alivyokuwa hajamshika mwaka wote wa kwanza wa ndoa yao. Mwidini aliusikia mkono ule. Akajua akifungua kinywa hatashikwa hivyo tena.

"Usimpe," akasema. "Hiyo si ya Suwedi. Ni yangu."

Dokta akasimamisha bomba.

"Unasemaje?" Sikitu akauliza.

"Nilibadilisha vifuniko. Suwedi yuko kwenye cheusi."

"Tangu lini?"

"Ulipokwenda Babati."

Sikitu hakupiga kelele. Alimtazama, na macho yake yakarudi nyuma taratibu kwenye mlenda, kwenye shati, kwenye chumvi, kwenye kila jioni. Akautoa mkono wake. Akaufuta kwenye kanga.

"Wewe umekuwa unakunywa cheusi," akasema. "Mimi mwenyewe nimekuwa nakupa kwa mikono yangu. Sasa mimi nimekuwa nalala na nani?"

"Mama, hilo mtaulizana nje," Dokta akasema. "Cheusi kiko wapi?"

Chande alikuwa mlangoni, amesikia yote, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Akapewa ufunguo, akakimbia. Aliporudi na chupa, Dokta aliiinua kwenye dirisha. Ndani kulikuwa na chachu ya kimo cha vidole viwili tu. Kilichopungua kilikuwa kimenywewa.

Akamnywesha Mwasiti yote, polepole. Haikurudi juu. Lakini Dokta akatikisa kichwa.

"Hii itamshikiza mpaka kesho. Nyingine iko wapi?"

Mwidini akaweka kiganja tumboni. "Humu."

"Wewe unajua unachosema? Ili nipate ya kutosha lazima nikusafishe, nisikuachie kitu. Na cha kukurudishia ni hiki." Akaigonga chupa ya kijani kwa ukucha. "Maji ya mchele. Kinaweza kishike, kinaweza kisishike. Kisiposhika, njaa ya shibe unaijua."

"Naijua."

"Tunaweza kungoja tuone kama vidole viwili vitatosha."

Mwidini akamtazama mtoto, akamtazama Sikitu, ambaye alikuwa hamtazami.

"Mtoeni," akasema. "Nimechoka naye."

"Hata leo," Sikitu akasema bila kugeuka. "Mwanawe anakufa, na bado unamfukuza."

"Namrudisha kwa mwanawe. Na ndiyo, namfukuza. Yote mawili."

Dokta akamwonyesha kitanda cha pili. Mwidini akavua koti, lile lililoshonwa kola, akapanda.

*

Mwasiti alipona. Alikaa wodini mpaka mavuno yalipoisha, akarudi shule akiwa nyuma darasa moja. Siku hizi yuko Singida, anafundisha hesabu, ana kovu la mguu na watoto wawili.

Kwa Mwidini chachu yake ilishika nusu. Hakufa, ila hakunenepa tena. Nyama na kunde hawezi. Kazi ya nyavu ilimshinda kwa udhaifu, akarudi Lushoto kwa kaka yake, akapewa kuchunga duka la mbegu. Analichunga mpaka leo.

Sikitu alidai talaka, akapewa bila ubishi. Alihamia Babati, akafungua banda la maziwa nyuma ya stendi. Hakuolewa tena. Watu walioulizia waliambiwa amechoka na wanaume, na yeye hakukanusha.

Dokta Mfinanga alihamishiwa Mpanda na amestaafu huko. Chande akawa msimamizi wa nyavu zote za mlima ule. Alikatwa vidole viwili na winchi. Alimwoa mjane, na akaweka sharti la friji mbili.

Waliotengeneza zile friji walisikia habari, wakatoa chupa mpya ambazo kifuniko hakitoki. Chupa ikiisha unaitupa nzima. Hazikuuzika sana, ni ghali.

Kila Idi Mwasiti humpigia Mwidini simu kumtakia heri. Huzungumza habari za mvua na za afya, si zaidi. Sikitu hajui, au anajua na hasemi.